Mkorogo hauna "kidogo tu"

Makala iliyodai kwamba anayeanza mkorogo wa kuchubua ngozi hadhuriki akipaka kidogo imepotosha. Baadhi ya krimu za magendo zina chumvi za zebaki, metali ileile wachimbaji wadogo wa Mpanda wanayoikoroga kwenye beseni kukamatia dhahabu. Hupenya ngozi na kujikusanya kwenye figo. Hidrokwinoni nayo, ikipakwa muda mrefu, huweza kuacha mabaka meusi mashavuni.

Mwandishi anajitetea: mbona Wazungu hulalia vitanda vya mwanga ili wakoze rangi? Naam, na mwaka 2009 wataalamu wa saratani wa WHO waliviweka kundi moja na tumbaku. Kosa la jirani si kibali.

Anayetaka ngozi nyororo apake mafuta ya mgando, avae kofia pana, akwepe jua la mchana. Mwenye mabaka amwone daktari, si muuza vipodozi.