Hati haitii samadi shambani

Ndugu wakulima, kila kijiji ninachopita, Masasi hadi Newala, naulizwa: "Bwana shamba, hati ya kimila itatoka lini?" Itafuteni, ina faida. Lakini ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imekupa haki ya kuitumia, kwa sharti la kuitunza katika hali nzuri na kuilima kwa ukulima bora. Sharti hilo wengi hatulisomi.

Tazama tunavyoazimana mashamba. Mwenye mikorosho anamruhusu mwenzake alime karanga msimu mmoja, anamkataza kupanda mti asije akadai shamba. Aliyeazima naye anachoma mabua na samadi hatii. Nani apeleke samadi mahali ambapo mwakani atafukuzwa? Mchuuzi aliyechukua mikorosho rehani ndiyo hivyohivyo: korosho anaokota, kupogolea hataki.

Mimi nasema anayeharibu udongo ni mwenye shamba, kwa woga wake. Mpe mtu miaka mitano, kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi. Andikeni kwamba shamba na mikorosho ni vya fulani; mlimaji hachomi moto, anapanda mbaazi, na majani yake yanabaki palepale shambani. Mbaazi inarutubisha udongo na inauzika. Tena mbaazi haijampa mtu shamba la mwenzake. Akichoma, mkataba umevunjika.

Karatasi moja inatosha. Kaeni muandikiane kabla ya mvua za kwanza, mapanga hayajaanza kufyeka.