Deksa kwanza, mashine baadaye

Katika miji mingi ya Kongo, mtu anayeamka na vidole vilivyokakamaa haanzii kwa munganga. Anaanzia farmasi ya mtaa. "Mama, kamata hizi: mbili asubuhi, moja mangaribi." Ndani ya kifuko cha plastiki mna ibuprofeni, kidonge cha vitamini, na vile vidogo ambavyo kila mtu anaviita deksa. Karatasi ya maelezo hakuna, jina la dawa halijaandikwa. Siku ya pili ngumi inakunjika, sombe inatwangika, na mama anapanda mtumbwi Alunguli, anavuka Lualaba kwenda sokoni Kindu bila kushikwa mkono. Dawa imefanya kazi. Ndiyo maana wiki inayofuata anarudi kununua nyingine, na mwezi unaofuata, hata mwaka ukapita.

Tufanye hesabu ambayo muuzaji hakuifanya. Kidonge cha kawaida cha deksa, yaani deksamethasoni, kina miligramu 0.5. Miligramu 0.75 za dawa hiyo zina nguvu sawa na miligramu 5 za prednisoloni, steroidi ambayo waganga wa viungo huipimia nyingine zote. Vidonge vitatu kwa siku, basi, ni sawa na miligramu 10 za prednisoloni. Mwaka 2000 Tjeerd van Staa na wenzake walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za Waingereza zaidi ya 240,000 waliokuwa wakimeza steroidi. Waliofikia miligramu 7.5 kwa siku au zaidi walivunjika pingili za mgongo zaidi ya mara 5 kuliko wasiotumia. Hata walio chini ya miligramu 2.5 hawakupona kabisa. Mama wa Alunguli yumo katika lile kundi la juu, na hakuna munganga aliyemwandikia chochote.

Suala la mifupa kwa wenye magonjwa ya kinga kushambulia mwili, yaani baridi yabisi ya viungo, lupasi na jamaa zake, kwa kawaida huzungumzwa kama suala la vifaa. Hatuna mashine ya kupimia madini ya mifupa, basi tuletewe mashine. Naona tumeanzia mkiani. Kwa mji kama Kindu mlango wa kuingilia ni kidonge.

Kwanza, wagonjwa wapo. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba magonjwa haya ni ya Wazungu, na kwamba Mwafrika anaumwa viungo kwa sababu ya kazi ngumu au baridi ya asubuhi. Jean-Jacques Malemba, mganga wa viungo wa Kinshasa, alipita mitaani na wenzake wakichunguza watu nyumba kwa nyumba, na matokeo yao ya mwaka 2012 yalionyesha baridi yabisi ya viungo kwa watu wapatao 6 katika kila 1,000. Kiwango hicho hakiko mbali na kile cha Ulaya. Hiyo ni Kinshasa, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba kinga ya mtu wa Maniema, mkoa wa Kindu, ina tabia tofauti.

Mfupa wa mgonjwa huyu unaliwa kutoka pande mbili. Mfupa hautulii: kila siku kuna seli zinazobomoa palipochakaa na nyingine zinazojenga upya. Mwili unapowaka uvimbe, kemikali zile zile zinazofanya kiungo kiwe cha moto huwachochea wabomoaji. Kwa hiyo mwenye baridi yabisi hupoteza mfupa karibu na viungo vyake hata kabla hajameza kidonge kimoja. Halafu inakuja steroidi. Hiyo huwapunguza wajenzi na kufupisha maisha yao, hupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni, na kuongeza inayotoka na mkojo. Tena haina subira: hasara kubwa zaidi hutokea katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Harvey Cushing alipoeleza mwaka 1932 ugonjwa unaobeba jina lake, wa watu ambao miili yao hujitengenezea homoni hii kupita kiasi, mifupa dhaifu ilikuwa tayari mojawapo ya dalili. Tumejua kwa karibu miaka 100.

Pengine ndiyo maana wapo wanaotaka marufuku: deksa iondolewe kwenye rafu, polisi wapite, maduka yafungwe. Hasira yao ninaielewa, hasa nikikumbuka kwamba wanywaji wengi wa deksa hawana ugonjwa wowote. Watafiti wa Kinshasa wameandika kuhusu wanawake wanaoimeza pamoja na siproheptadini ili wanenepe, na krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli hupitisha steroidi ya jamii ileile mwilini kwa njia ya ngozi. Lakini marufuku itaua watu. Mwanamke mwenye lupasi iliyofika kwenye figo anaihitaji steroidi wiki hii, si mwezi ujao. Philip Hench alipompa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi huko Mayo Clinic mwaka 1948, mtu aliyekuwa hawezi kuinuka aliinuka na kutembea. Miaka miwili baadaye ikaja Tuzo ya Nobel. Dawa hii ni nzuri mno, na hapo ndipo penye taabu. Isitoshe, aliyeimeza kwa miezi tezi zake za juu ya figo zimeshalala. Ukimkatia ghafla, anaweza kuanguka kwa shinikizo la chini la damu, kutapika, na kufa kwa malaria ambayo mwingine angeistahimili.

Turudi kwenye mashine. Mashine ya DXA hutumia mionzi midogo kupima madini ya mfupa wa nyonga na mgongo, na tangu 1994 Shirika la Afya Duniani limeuita mfupa wenye alama ya -2.5 au chini kuwa umechakaa. Mashine hizi kusini mwa Sahara ni chache, na nyingi ziko kwenye miji mikuu. Wanaoitaka Kindu wana hoja yenye uzito: bila takwimu, wizara haitoi pesa. Mimi nina hoja mbili dhidi yao. Ya kwanza ni ya kawaida: kifaa cha makumi ya maelfu ya dola kinachohitaji umeme usioyumba, fundi aliyesomea, na ukaguzi wa mara kwa mara, kwa mji ambao mzigo mkubwa huufikia kwa ndege, kwa mto au kwa reli inayosuasua. Ya pili husemwa kwa nadra, nayo ina nguvu zaidi. Kwa wanaotumia steroidi, mfupa huvunjika ukiwa na madini mengi kuliko mfupa wa mzee wa kawaida unaovunjika, kwa sababu steroidi huharibu muundo wake wa ndani na si wingi wa madini tu. Mashine itamwambia mama huyu kwamba bado yuko salama, naye hayuko.

Mapendekezo ya Marekani ya 2022 yanataka kila anayemeza prednisoloni miligramu 2.5 au zaidi kwa zaidi ya miezi 3 akadiriwe hatari yake, na kwa aliyefikisha miaka 40 makadirio hayo huanza na hesabu ya FRAX, iliyotoka chuo kikuu cha Sheffield mwaka 2008. Hesabu hiyo inaweza kufanywa bila DXA. Huuliza umri, uzito, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi alivunjika nyonga, kama una baridi yabisi, kama unameza steroidi. Kasoro yake kwetu ni kwamba haifai kwa walio chini ya miaka 40, na lupasi huwashika zaidi wanawake wa umri wa kuzaa.

Kwa hao kuna ukuta na utepe wa fundi cherehani. Msimamishe mgonjwa bila viatu, visigino vikigusa ukuta, uandike urefu wake kwenye fishi. Akipungua sentimita 2 tangu mara ya mwisho, au sentimita 4 tangu ujana wake, piga eksirei ya mgongo kwa ubavu. Pingili zilizobonyea mara nyingi hazina kelele. Mgonjwa anadhani ni uchovu wa kubeba kitunga, au mtikisiko wa pikipiki kwenye barabara ya Kasongo.

Hapa kuna mtego wa kienyeji kabisa. Kongo ni mojawapo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na kifua kikuu cha mgongo nacho hubomoa pingili. Munganga wa Kindu akiona pingili iliyoporomoka kwenye eksirei, anawaza kifua kikuu, na mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini kama hakuuliza habari ya deksa, mwenye mfupa uliochakaa atameza dawa za kifua kikuu kwa miezi, tena rifampisini itaivuruga steroidi yake. Makosa ya upande wa pili ni mabaya vilevile: mwenye kifua kikuu apewe steroidi. Kifua kikuu hula gegedu kati ya pingili mbili, ilhali mfupa uliochakaa hubonyea na kuiacha gegedu mahali pake. Tofauti hiyo inaonekana kwenye filamu ya kawaida, na anayefundishwa kuitazama ataiona. Somo hilo lingekaa vizuri mikononi mwa wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kindu kabla hawajasikia habari za DXA.

Lililo kubwa ni kumpunguzia mtu deksa bila kumrudisha kwenye maumivu, na hilo halifanyiki kwa mahubiri. Linafanyika kwa methotreksati. Dawa hii ya zamani na ya bei nafuu hutuliza baridi yabisi yenyewe, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa magonjwa ya viungo. Humezwa siku moja tu kwa wiki. Anayeimeza kila siku kwa kukosea anaweza kufa, kwa hiyo siku ya kuimeza iandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na mwenye mimba asipewe kabisa. Inahitaji kupimwa damu na ini, vipimo ambavyo hospitali kuu ya rufaa ya mkoa haipaswi kushindwa kuvifanya. Kwa lupasi ipo haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini tuliyoimeza kwa malaria tukiwa watoto, na mjamzito anaweza kuendelea nayo. Kwa dawa hizo mbili munganga anaweza kuishusha steroidi polepole hadi miligramu 5 za prednisoloni au chini, kiwango ambacho mapendekezo ya Ulaya ya 2023 yanakitaka kwa lupasi iliyotulia.

Nani ataziandika? Waganga wa viungo Kongo ni wachache, na kuwangoja wafike Maniema ni kungoja kizazi. Kenya ilikuwa na mradi ulioitwa UWEZO, ambapo Omondi Oyoo na wenzake waliwafundisha madaktari na wahudumu wa kawaida wa afya kutambua magonjwa ya viungo. Njia hiyo inatufaa: daktari mmoja kwa kila zoni ya afya, awe na simu ya mtaalamu wa Kinshasa au Goma.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, kwa sababu ushauri wa hospitali juu ya maziwa unachosha. Msitu wa Maniema si nchi ya ng'ombe, na maziwa ya unga yana bei. Sombe ina kalsiamu, na ndagala wanaoliwa na mifupa yao wana nyingi zaidi. Mgonjwa anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na jua hutoa vitamini D bure, isipokuwa kwa mwenye lupasi aliyekatazwa jua na kwa dada anayejistiri mwili mzima. Hao wapewe vidonge vya vitamini D bila mjadala.

Kwa waliokwisha kuvunjika, alendronati ya miligramu 70 kwa wiki ni rahisi, ilimradi imezwe asubuhi tumbo likiwa tupu kwa maji mengi, na mtu asilale kwa nusu saa. Asidi ya zoledroniki, sindano moja kwa mwaka, huenda ikawafaa zaidi wanaoishi mbali na mto, kama figo zao ni nzima. Kwa msichana ambaye bado anataka kuzaa, zote mbili zipimwe kwa uangalifu, kwa sababu hukaa mfupani miaka. Ile sindano ya miezi 6, denosumabu, ningeomba isiletwe Kindu kwa sasa hata kwa msaada. Ikikosekana kwa miezi michache, pingili huweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo, na sote tunajua dawa zetu hukosekana.

Kwa ACOREP, mamlaka ya taifa ya dawa, ombi langu ni dogo kuliko msako wa polisi: deksamethasoni isiuzwe bila jina lake na kiasi chake kuandikwa kwenye kifuko. Mgonjwa anayejua anachomeza anaweza kumwambia munganga.

Nawe msomaji, kama umekuwa ukinunua vidonge vya viungo kwa zaidi ya wiki tatu, usiviache leo kwa sababu ya makala haya. Chukua kifuko chako, hata kikiwa kitupu, nenda nacho hospitali, umwombe munganga akutajie jina la kila kidonge, akupime urefu, na akupangie namna ya kupunguza kidogo kidogo.