Mwambieni Mtoto Dawa Anazomeza ni za Nini

Mtoto ana miaka 14. Tangu apate akili anameza kidonge kila siku, na nyumbani anaambiwa ni cha kifua. Anakwenda bweni, mwenzake anasoma jina kwenye kopo, na hapo ndipo anapojua kwamba anaishi na VVU: kwa kuchekwa. Huu ni ukatili, na tunaoufanya ni sisi watu wazima wa Mbeya na Iringa, tukiuita huruma.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Iringa ni 11.1, Mbeya 9.6, na kwa jirani zetu wa Njombe 12.7. Ni ukoo gani huku usiokuwa na kaburi la miaka ile kabla ya dawa za ARV? ARV ndizo zilizowavusha watoto waliozaliwa na virusi hadi wakabalehe. Tumewaokoa na kifo, sasa tunawarudisha huko kwa uongo.

Maana kijana asiyejua anachotibu ataacha dawa. Ameze dawa ya kifua ya nini, na hakohoi? Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza tangu 2011 kwamba mtoto aambiwe hali yake akiwa kati ya miaka 6 na 12. Bunge letu nalo mwaka 2019 lilirekebisha sheria, mwenye miaka 15 akaruhusiwa kupima bila ridhaa ya mzazi. Sheria imemwamini kijana. Wazazi na walimu bado.

Wanaojua hali zao nao tunawatesa. Bwenini wanahamishia vidonge kwenye karatasi ili kopo lisilie ndani ya tranka. Wanamezea chini ya blanketi, au hawamezi kabisa kwa kuwa wenzao hawajalala. Kliniki inaangukia siku ya masomo. Akiomba ruhusa anahojiwa mbele ya ofisi nzima ya walimu anaumwa nini. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri yake. Mwalimu anayeipayuka ashtakiwe, asihamishwe kituo tu.

Hakuna la ajabu ninalodai. Pale Mbeya, kituo cha watoto cha Baylor kina klabu ambamo vijana hawa wanakutana na kuzungumza bila kujificha. Kijana anayejua kusoma majibu yake ya wingi wa virusi, na anayejua kwamba virusi vikifubaa hadi visionekane kwenye kipimo hatamwambukiza mpenzi wake, ana sababu ya kumeza dawa hata asiposimamiwa na mtu.

Basi mzazi, kabla hujafunga tranka la mwanao Januari, mketishe umtajie ugonjwa, dawa na tarehe ya kliniki. Mkuu wa shule, toa kabati lenye kufuli, ufunguo akae nao kijana mwenyewe. Na halmashauri zote za mikoa hii zifungue kliniki ya vijana kila Jumamosi. Fedha za semina kila mwaka zinapatikana. Za muuguzi wa Jumamosi zitafutwe kwanza.