MAMA, KABLA YA MASHINE YA MOYO ULIZA NA FIGO (Sehemu ya 3)

Sehemu iliyopita tuliongelea tundu kwenye moyo wa mtoto. Leo tuongee kitu ambacho wazazi wengi hawakiulizi: figo.

Zamani mtoto wa moyo alisubiri safari ya India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapa hapa Dar. Basi hili ni la kwetu, tulielewe.

Daktari akitaka kuziba tundu ndani ya moyo, mara nyingi moyo unasimamishwa. Mashine inachukua damu, inaitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Inaokoa maisha. Ila figo zimezoea kupata karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, tena kwa mapigo. Mashine nyingi zinapeleka damu mfululizo bila mapigo, damu inakuwa nyepesi kwa sababu ya maji yaliyojazwa kwenye mipira, na baadhi ya chembe nyekundu zinapasuka. Figo zinahisi.

Tafiti nyingi za watu wazima zinaonyesha kuwa kati ya wagonjwa 10, wawili hadi watatu figo zao huyumba baada ya upasuaji huu. Wengi hupona, wachache huhitaji kusafishwa damu. Vichanga wako hatarini zaidi.

Wataalamu wana kazi yao: kulinda presha, kupima damu mara kwa mara, kuchuja maji ya ziada. Lakini mimi naamini nusu ya ulinzi wa figo inatoka nyumbani, na sisi wahudumu hatuwaambii wazazi hilo mapema vya kutosha.

Mambo matatu, mama:

1. Sema dawa ZOTE. Diklofenaki na aibuprofeni za duka la dawa, sindano za jentamaisini alizochomwa zahanati, dawa ya chango, mizizi aliyochemsha bibi. Baadhi ya hizi zinaumiza figo, na figo iliyochoka ikikutana na mashine inachoka zaidi. Usijinunulie dawa ya maumivu wiki hizo. Na zile za moyo alizoandikiwa, usiziache bila kuambiwa.

2. Akiharisha, akitapika au akipata homa siku za karibuni, toa taarifa hata kama tarehe mmeisubiri miezi. Afadhali kuahirisha kuliko kuingia na mwili uliokauka.

3. Usimfungishe kupita kiasi. Kuna mama anamnyima mtoto kila kitu tangu jioni kwa woga. Kwa kawaida uji na maziwa ya kopo husimama masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji meupe masaa 2. Uliza ratiba ya mwanao, uifuate hiyo hiyo.

Sasa nigeukie upande wetu wa kazi. Mama anaficha dawa ya mizizi kwa sababu anajua atafokewa mbele za watu. Jamani, ukimfokea leo, kesho atakwambia "hakuna nilichompa", na mtoto ndiye atakayelipa. Tuulize kwa upole, tuandike, tumwambie daktari. Sioni sababu ya aibu ya mama kugharimu figo ya mtoto.

Baada ya upasuaji, kule ICU utaona mfuko wa mkojo umening'inia kitandani. Usiuone kama uchafu. Ule ndio ujumbe wa figo. Tunataka mkojo wa angalau mililita 1 kwa kila kilo kila saa. Mtoto wa kilo 10, ni mililita 10, vijiko viwili vya chai. Una haki ya kuuliza: "Nesi, mkojo wa mwanangu unaendaje leo? Kreatinini imetoka ngapi?" Nesi mzuri atakujibu.

Baba nawe soma hii, usimwachie mama peke yake. Na kama bibi ndiye anayeshinda na mtoto, msomee.

Sehemu ya 4: koo linalouma kwa mtoto wa shule, na jinsi linavyoweza kufika kwenye moyo.