Mwanga Haufundishwi kwa Imla

Mwaka wangu wa kwanza wa ukufunzi niliwafundisha wanachuo upigaji picha kwa chaki. Niliandika ubaoni: taa kuu, taa ya kujazia, taa ya nyuma. Wao wakanakili, nami nikawatahini, wakafaulu. Muhula ulipokwisha tuliwapiga picha watoto wa shule ya mazoezi, adhuhuri, jua la utosini la Singida likiwaka. Mashati meupe yaling'aa, nyuso hazikuonekana. Wazazi waliokuja kuzitazama picha hizo walishindwa kuwatambua watoto wao.

Mtu mmoja alisema kosa ni weusi wa watoto. La hasha! Kamera hupima wastani wa mwangaza ulio mbele yake. Shati jeupe huakisi mwanga mwingi, kamera ikapunguza kiasi inachopokea, na uso ndio unaopotea. Hata kampuni ya Kodak ya Marekani kwa miaka mingi ilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe. Kosa letu lilikuwa kutojua kuuelekeza mwanga, na kosa hilo nililipanda mimi.

Sasa naanza na chumba kimoja, dirisha moja na shuka jeupe. Mwanachuo huketi ubavuni mwa dirisha, nusu ya uso ikiwa gizani. Mwenzake hushika shuka upande wa kivuli, akalisogeza polepole mpaka jicho la pili lionekane. Simtajii jina la kitendo hicho mpaka awe amekwisha kukitenda. (Wakati wa kipupwe wapo watakao kufunga dirisha kwa kuogopa vumbi, siwaruhusu.) Kisha twafunga dirisha kweli, twawasha taa moja ndogo, na kuweka kadi yenye tundu la mraba umbali wa mita 1 kutoka kwenye taa. Ukutani, mita 2 kutoka kwenye taa, mwanga uliopita tunduni huenea miraba 4. Basi huona wenyewe kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwangaza hubaki robo.

Wapo wasemao kwamba warsha hula muda, na muhtasari wa masomo ni mrefu. Ni kweli. Somo la dakika 40 sasa lachukua asubuhi nzima. Lakini uhaba wa kamera si hoja: kazi kubwa hapa ni ya jicho, na kila mwanachuo analo. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, kazi hiyo baadaye ilirithiwa na mwanawe Rohit. Sidhani kwamba ilirithiwa kwa madaftari.

Nawe mwanachuo, ukipangiwa shule isiyo na umeme, usingoje taa. Mketishe mtoto ukingoni mwa kivuli cha baraza, akielekea uwanja wenye jua. Mchanga utamrudishia mwanga machoni. Kisha mpe mtoto mwingine kamera.