KUUZA KATIKA INTANETI: NYUMBA YETU, KIWANJA CHA MTU



Katika miezi hii ya karibuni karatasi zimebandikwa kutoka Tononoka mpaka Mwembe Tayari, na simu zetu zimejaa maneno yale yale: tengeneza kitu mara moja, kiweke katika intaneti, kisha pesa ziingie nawe umelala. Kitu chenyewe chaweza kuwa kitabu cha kusomwa kwa simu, masomo ya video, michoro, nyimbo, picha au karatasi za mtihani. Wanachama wengi wametuuliza chama chasemaje. Wengine hawakuuliza, wamekwisha kutoa pesa zao. Kwa hiyo twaona haifai kunyamaza.

Kwanza twataka ifahamike kwamba biashara yenyewe si uongo. Mtaala mpya ulipoanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2019, walimu wa nchi nzima walihitaji maazimio mapya ya kazi, maandalio ya masomo na mitihani. Walimu wenzao waliokuwa hodari wakakaa wakaandika, wakatia kazi yao katika faili, wakauza kwa simu na kulipwa kwa M-Pesa. Mwalimu wa Kilifi akanunua, wa Busia akanunua, na faili halikupungua. Hapo ndipo ilipo tofauti na bidhaa tulizozoea kubeba bandarini. Gunia la sukari ukiliuza limekwenda. Faili ukiliuza bado unalo, wamuuzia na mwengine.

Wala si jambo geni kwa watu wa Mombasa. Marehemu Juma Bhalo na marehemu Zein l'Abdin waliimba nyimbo zao, zikanaswa, na kanda zikauzwa madukani miaka na miaka. Tena tusisahau habari ya wimbo wa Jambo Bwana wa Them Mushrooms, bendi iliyoanzia hapa Mombasa mwaka 1972. Wimbo ule ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilipofika 1983 kundi la Boney M lilikuwa limekwisha kuutengeneza upya kwa mtindo wao na kuupeleka Ulaya. Kazi moja ya mikono michache imezunguka dunia. Aliyelala huku wimbo wake ukifanya kazi yupo, hatukatai. Swali la mfanyi kazi ni lile la siku zote: pesa zikikusanywa, nani ashika mkoba?

Lakini neno hili la "pesa za kulala" hatulipendi. Binti wa mwanachama mmoja hapa Tononoka huchora maua ya hina na piko. Alikusanya michoro 40 katika faili moja, akaiuza kwa shilingi 150. Michoro ile ilimchukua miezi minne ya kukesha baada ya kazi ya mchana. Sasa faili lauzwa, na yeye bado hajalala, maana mteja wa Lamu amelipa na faili halikufunguka, mteja wa Nairobi ataka arudishiwe pesa, na kila juma hana budi kutia picha mpya ili watu wasimsahau. Kabla ya mwezi kwisha aliikuta michoro yake katika kundi moja la simu, ikigawiwa bure, jina lake limefutwa. Akapata fedha, ndiyo, na sisi tumefurahi kwa ajili yake. Lakini huyo alifanya kazi, tena kazi ya usiku isiyo na malipo ya ziada. Mtu asije akamwambia amelala.

Tupige hesabu kidogo, maana wanaokuja kutuhubiria hawapendi kuipiga mbele ya watu. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua katika miji mikubwa, Mombasa ikiwamo, kilitangazwa mwaka 2024 kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Mtu auzaye faili kwa shilingi 100 ahitaji wanunuzi 162 kila mwezi ili afikie kima hicho. Akiuza katika soko la intaneti linalokata shilingi 10 kwa kila 100, ahitaji wanunuzi 180. Na hao ni wanunuzi wapya kila mwezi, kwani aliyenunua jana hatanunua faili lile lile kesho. Bado hujahesabu bando, umeme, na ada ya kutoa pesa. Anayeweza kupata wanunuzi 180 kila mwezi ni mfanya biashara hodari, na mtu wa namna hiyo angefanikiwa hata kwa kuuza mahamri.

Sasa twende kwenye kiini cha jambo, na hapa watu wa Majengo watatuelewa kuliko mtu mwingine yeyote. Wazee wetu wengi waliofanya kazi bandarini na katika reli walikuwa na njia yao ya kupata pesa bila ya kubeba mzigo. Walijenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, wakakaa katika kimoja au viwili, vilivyobaki wakapangisha. Ilikuwa akiba ya uzee. Lakini nyumba nyingi katika mji huu zilijengwa juu ya ardhi isiyo ya mjenzi. Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mtu. Kila mwezi walipa kodi ya kiwanja, na mwenye kiwanja akipata tajiri wa kujenga ghorofa, waambiwa uvunje uondoke na mabati yako. Watu wamezeeka mahakamani kwa jambo hili.

Basi anayeuza katika intaneti amejenga juu ya kiwanja cha namna hiyo hiyo. Video ni yake, wimbo ni wake, kitabu ni chake. Kiwanja ni cha kampuni iliyoko Marekani au penginepo. Tutazame YouTube. Ili mtu apate fungu la pesa za matangazo kwa video ndefu, lazima kwanza awe na wafuasi 1,000 na video zake zitazamwe kwa saa 4,000 katika miezi kumi na miwili. Mpaka afike hapo, yeye hapati kitu katika matangazo. Akikubaliwa, katika kila shilingi 100 ya matangazo hayo yeye hupata 55 na kampuni hushika 45. Hakuna mkutano wa kujadiliana fungu hilo. Hakuna baraza la wafanyi kazi. Kampuni ikibadili masharti yatangazwa kama hali ya hewa, na ikifunga akaunti yako waandika barua kwa mashine. Hata mwenye kiwanja wa Majengo ulikuwa waweza kumwendea baada ya sala ya Ijumaa ukamsihi.

Mtu asidhani kwamba mafungu haya ni amri ya Mungu isiyobadilika. Habari ya milio ya Skiza yaonyesha. Wanamuziki wa Kenya walilalamika kwa miaka mingi kwamba nyimbo zao zapigwa katika simu za watu, pesa zakatwa, na kinachowafikia ni makombo. Walipiga kelele, wakaenda Bungeni, na sheria ya hakimiliki iliporekebishwa mwaka 2022 fungu likaandikwa: mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na wakala wa katikati 8.5. Tena mwaka 2023 Serikali ilipotaka kukata kodi ya asilimia 15 katika mapato ya wenye kutengeneza vitu vya intaneti, watu wakalia, na kodi ile ikashushwa mpaka 5. Katika mambo hayo mawili, hakuna aliyeongezewa senti kwa sababu alilala vizuri. Wenzetu wanaochuja picha na maneno machafu ya intaneti kule Nairobi nao walifahamu hivyo, wakakutana tarehe 1 Mei 2023 wakakubaliana kuunda chama chao.

Kebo za intaneti zilipofika nchi kavu mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, zilitokea baharini hapa hapa Mombasa. Mzigo wa aina mpya waingia na kutoka katika kisiwa chetu mchana na usiku, hauna kuli, hauna winchi, hauna karani wa kuuhesabu. Twasema hili si kwa kuuonea wivu waya. Twasema kwa sababu vijana wetu wataka kupakia kitu humo, na ni haki yao, lakini wasipakie bila ya kujua nauli.

Sasa habari ya hao wenye karatasi za ukutani. Tumechunguza kadiri tulivyoweza. Wengi wao bidhaa wanayouza ni somo la kuuza bidhaa. Ukimaliza kulisoma waambiwa nawe uza somo hilo hilo, upate fungu kwa kila mtu unayemleta. Wazee wanaukumbuka upatu wa mwaka 2006 na 2007, jinsi watu walivyouza ng'ombe na mashamba wakabaki na risiti. Mwaka 2022 tena programu moja ya simu iliyojipa jina la kufanana na kampuni kubwa ya Marekani iliondoka na pesa za Wakenya wengi. Mwanachama wetu mmoja aliyepunguzwa kazini alitoa shilingi 45,000 za kiinua mgongo chake akapewa video kumi na mbili, ambazo mtoto wake alizikuta bure siku ya pili. Pesa za kiinua mgongo hazina mwezi wa pili, ndugu. Kwa hiyo twashauri wazi kabisa kwamba chama cha akiba na mikopo kisitoe mkopo kwa ajili ya somo lolote la namna hii, na wale waliokwisha kutoa fedha walete risiti ofisini ili tujue ukubwa wa jambo.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana. Wahubiri hawa hupenda kusema kwamba mshahara ni utumwa na mwenye akili hutafuta njia nyingine. Tajiri akisikia hayo hufurahi sana. Wafanyi kazi wapatao 15,000 walipogoma katika mji huu mwezi wa Januari 1947 walidai mshahara unaomtosha mtu na nyumba yake. Leo ukienda kudai nyongeza waweza kuambiwa, "Si mwauza vitu kwa simu?" Mshahara mdogo hauwi mkubwa kwa sababu mfanyi kazi amekesha akichora maua. Atakayeuza na auze, na alipwe mshahara wake kamili vile vile.

Mwisho, jambo ambalo twataka litiwe katika madai yetu. Sheria ya Kenya yasema kwamba haki ya kunakili kazi ni ya aliyeitunga, nayo hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake, hata watoto waweza kurithi. Lakini kazi iliyotungwa katika utumishi wa tajiri huhesabiwa ni ya tajiri, isipokuwa pawe na mapatano mengine. Je, fundi wa kreni aliyeandika nyumbani kwake kitabu kidogo cha Kiswahili juu ya ishara za mikono na usalama wa kamba, kitabu hicho ni cha nani? Ameyajua hayo kazini, ameyaandika kitandani. Tajiri mmoja amekwisha kumwambia mwanachama wetu kwamba hata maandishi ya usiku ni mali ya kampuni. Mapatano ya pamoja tuliyo nayo hayana neno lolote juu ya hili. Twapendekeza kiongezwe kifungu kimoja: anachotunga mfanyi kazi nje ya saa za kazi, kwa vyombo vyake mwenyewe na bila ya siri za kampuni, ni mali yake. Kila mwanachama aliyewahi kuandika, kuchora au kunasa kitu cha kuuza alete jina lake kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano mkuu, pamoja na nakala ya barua yake ya kuajiriwa, maana wanasheria watataka kwanza kuona kilichoandikwa humo.