Aliyepasuliwa Tumbo Apewe Nafasi ya Kula



Mwenzetu aliyekatwa sehemu ya tumbo, kwa ajili ya vidonda au kupunguza unene, hurudi kazini na tumbo dogo. Sahani ya ugali wa muhogo ambayo hapa Manibe twaiona ya kawaida, kwake ni mzigo. Akiila upesi ili awahi kengele, hupatwa na kichefuchefu. Chai yenye sukari nyingi huweza kumtoa jasho na kumwendesha moyo mbio. Huo si uvivu.

Inampasa ale kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, atafune polepole, na maji anywe nusu saa baada ya chakula. Akizidi kutapika, arudi hospitali mara moja.

Lakini atawezaje, ikiwa mapumziko ni ya mchana tu? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Tumbo halifuati kalenda hiyo.

Twadai waajiri wampe mwenye barua ya daktari dakika kumi asubuhi na kumi alasiri, bila kumkata mshahara. Nasi tumshikie kazi, tusimcheke. Leo kwake, kesho kwetu.